Mguu Usiotaka Kwenda Cheyo

Gari la Idrisa liliingia gereji likitambaa kama limefungiwa gogo kwa nyuma. Siwema alilisikia kabla hajaliona. Magari ya siku hizo hayakuwa na mngurumo, yalikuwa na mluzi mwembamba tu, na mluzi wa gari hili ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Akafuta mikono kwenye kipande cha kanga kuukuu, akatoka nje kulipokea.

"Limekufanyia tena?"

"Tena na tena." Idrisa alishuka akaufunga mlango kwa hasira. Alikuwa fundi seremala, mtu wa milango na madirisha, na vumbi la mninga halikumtoka kwenye nyusi hata siku ya Ijumaa. "Nakanyaga mafuta, halitaki. Nakanyaga mpaka chini, ndiyo kwanza linapoa."

Watu wa Tabora walikuwa bado wanasema kukanyaga mafuta, ingawa mafuta yenyewe yalikuwa yamebaki kwenye hadithi za wazee.

"Linakufanyia njia gani?"

"Njia ya kurudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Idrisa alikuwa na nyumba mbili, kwa hiyo swali lilikuwa halali. Lakini wote wawili walijua kwamba halikuulizwa kwa ajili ya gari peke yake.

"Cheyo," akasema. "Kwako."

"Na njia ya Ipuli?"

Idrisa akajikuna shingo, akatazama pembeni. "Ipuli linakwenda vizuri."

Ipuli ndiko alikokaa Hidaya, mke mdogo, mfuga nyuki, aliyeolewa mwaka wa ukame. Siwema alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya usukani.

Mji mzima ulimjua kwa kazi ile. Mtu akiambiwa na mafundi watatu kwamba gari lake lina jini, huishia kwa Siwema wa Isevya, na Siwema humwonyesha jini lenyewe: waya uliokwaruzwa na bawaba ya kiti, au tone la soda lililoingia kwenye soketi. Kila kanyagio lilikuwa na sensa mbili. Ya kwanza, sensa ya pembe, ilipima kanyagio limeshuka kiasi gani. Ya pili ililala chini ya mpira, pale unyayo unapogusa, nayo ilipima kitu kingine kabisa: ule mtikisiko wa misuli unaoutangulia mguu. Kabla mtu hajakanyaga, mguu wake umekwisha kutaka kukanyaga, na sensa ile iliukamata utashi huo ukiwa bado mchanga. Iliitwa sensa ya nia.

Serikali ndiyo iliyoilazimisha, baada ya madereva wengi kupoteza fahamu kwenye usukani, mguu ukabaki umelala juu ya kanyagio na gari likaenda kuingia sokoni. Sasa sensa hizo mbili zikipishana, pembe ikisema twende na nia ikisema hapana, gari liliamini dereva wake ni mgonjwa, likajinyima nguvu na kuanza kuchechemea.

Siwema alianza na mambo ya kawaida. Akachomoa soketi, akaichungulia kama ina kutu ya kijani. Haikuwa nayo. Akapima umeme unaoingia, ukawa kamili. Akapima ethi, waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, ikawa safi. Akamwambia Idrisa akae, akanyage taratibu kutoka juu mpaka chini, na yeye akatazama mstari wa sensa ya pembe ukipanda kwenye kioo cha mashine yake ya kupimia. Sensa iliyochoka huwa na shimo, mahali ambapo mstari huanguka ghafla halafu hurudi. Mstari huu ulipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Akaushika waya, akautikisa kuanzia kwenye kanyagio hadi unapopotelea nyuma ya dashibodi. Mstari haukucheza.

"Umeona nini?" Idrisa akauliza.

"Bado. Nenda kanywe chai kwa Mama Shija hapo nje, unanizibia mwanga."

Idrisa akaenda. Siwema akabaki na mashine mikononi.

Palikuwa na sehemu moja hakuwa ameifungua. Gari huweka kumbukumbu ya nia kwa kila njia linayopita, ili lijue kipi ni cha kawaida kwa dereva wake na kipi si cha kawaida. Kumbukumbu hiyo fundi haifungui hivihivi. Siku ya kupewa ruhusa ya kugusa sensa za nia, Siwema aliapa mbele ya wenzake wa chama cha mafundi kwamba hatasoma nia ya mtu bila mwenyewe kuridhia, na alikuwa amekitunza kiapo hicho hata pale wake za watu walipomjia na vilio, hata pale bwana mmoja mkubwa alipotaka kujua dereva wake anawaza nini.

Kwenye kioo maneno yakatokea: *Mwenye mguu ameridhia?*

Siwema akainua macho. Idrisa alikuwa amekaa kwenye benchi la Mama Shija, amempa mgongo, anacheka na mtu. Siwema hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alicheka hivyo sebuleni kwake.

Akabonyeza *Ndiyo*.

*

Njia ya Ipuli ilikuwa kama mto uliojaa. Kutoka kiwandani kwa Idrisa mpaka mlangoni kwa Hidaya, nia ilikuwa juu ya pembe wakati wote. Mguu ulikuwa umetaka kabla ya kukanyaga, ukataka zaidi ya ulivyokanyaga. Kwenye kona ya mwisho, pale mtu mwingine angepunguza mwendo, nia iliruka.

Njia ya Cheyo ilianza vizuri. Ilipopita msikiti ikaanza kulegea. Baada ya duka la mbolea, mguu ulikuwa unakanyaga, na nia iko chini kabisa, mstari mwembamba uliolala. Mbele ya geti lake yeye Siwema, geti la chuma alilolichagua kwa macho yake, nia haikulala tu. Ilirudi nyuma. Misuli ya mguu wa mume wake ilikuwa inajaribu kujinyanyua kutoka kwenye kanyagio, na mume wake alikuwa anaikandamiza.

Alisoma mara moja, kisha akasoma tena. Kitu cha moto kikampanda kutoka tumboni kikakaa kooni. Miaka yote hii alikuwa amejiambia kwamba wivu wake ni wivu wa mwanamke yeyote, kwamba anajitesa kwa vitu vya kubuni, kwamba Idrisa anagawa zamu zake kwa haki. Na kweli alizigawa kwa haki. Usiku kwa usiku, kitoweo kwa kitoweo, kitenge kwa kitenge. Kumbe haki yenyewe ilikuwa inakandamizwa kwa mguu.

Idrisa aliporudi na kikombe cha chai alichomletea, alimkuta anafunga mpira wa kanyagio.

"Ethi ililegea," Siwema akasema. "Nimeikaza."

"Nilijua tu ni kitu kidogo."

"Ndiyo. Kidogo."

Jioni ile ilikuwa zamu ya Siwema. Alisimama dirishani kwenye ghorofa ya juu akamwona anakuja, gari likijikokota kutoka duka la mbolea hadi getini, na safari hii hakujiuliza lina nini. Nyumba ya Cheyo ilikuwa na vyumba sita. Siwema aliijenga mwaka uleule Idrisa alipoanza kutaja jina la Hidaya mezani, akaijenga haraka, kwa ukuta mrefu na sakafu inayong'aa, ili mtu yeyote akitoka kuiangalia nyumba ya Ipuli aone aibu. Kabla ya hapo waliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya gereji.

"Karibu," akamwambia mlangoni.

"Nimekaribia. Ethi yako hiyo haijakaa sawa, bi mkubwa. Bado linachechemea."

"Nitaliangalia kesho."

Walikula. Idrisa alisifu mchicha wa karanga, akasifu tena, kama mtu anayelipia kiti. Siwema alimtazama akitafuna akawaza: kule husifu? Au kule anakula tu, ananyoosha mkono kuongeza bila kuomba?

"Hidaya hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema, msalimie dada."

"Basi?"

"Sasa ulitaka aseme nini, Siwema?"

Hakutaka aseme chochote. Alitaka Hidaya asimame dirishani jioni moja, aone gari likija kwa kujikokota, na aanze kuuliza maswali yale ambayo yeye amekuwa akiyauliza peke yake.

Asubuhi, Idrisa alipokuwa bado anaoga, Siwema alikaa kwenye kiti cha dereva na mashine mapajani. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila njia ina kipimo chake cha nia inayotarajiwa. Njia ya Cheyo hakuigusa. Aliishika ile ya Ipuli, akakivuta kipimo chake juu, juu zaidi, mpaka pale ambapo mguu wowote wa binadamu usingeweza kukifikia. Sasa kwenye njia ile gari lingemwona kila dereva kuwa ni mtu asiyetaka kwenda. Akafuta alama za mkono wake kwenye kumbukumbu, akazima mashine.

"Tayari?" Idrisa akaita kutoka barazani.

"Tayari. Lijaribu."

Kwa siku chache alifanya kazi akiwa mwepesi. Idrisa alipiga simu kulalamika kwamba sasa gari linachechemea kotekote. Siwema akamwambia awe na subira, kipuri kinatoka Dar es Salaam. Alimwona Hidaya akilini mwake, amesimama barazani, chakula kinapoa, anatazama gari lililochelewa likija kwa aibu. Picha hiyo aliirudia kila alipokaa, kama mtu anayelamba asali kidoleni.

*

Hidaya alikuja gereji mwenyewe, analiendesha lile gari kwa mwendo wa baiskeli. Alikuwa na kiatu kimoja cha kamba na kimoja cha plastiki, na goti lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Siwema alitazama vile viatu. Hakuwahi kumwona Hidaya akiwa hana unadhifu. "Umepatwa na nini?"

"Nipe maji kwanza."

Akapewa maji, akanywa yote amesimama. Kisha akakaa kwenye tairi kuukuu, akaanza kueleza, na alieleza haraka, kama mtu anayetaka kulitua jambo kabla halijamwelemea.

Jana mchana Idrisa alikwenda kumchukua sokoni pamoja na madebe yake ya asali. Walipofika kwenye makutano ya reli, ambapo njia ya Ipuli inakata, vizuizi vilikuwa juu, wakaingia. Katikati ya reli gari likajinyima nguvu. Idrisa akakanyaga, likazidi kupoa. Kengele ikaanza kulia, vizuizi vikashuka mbele na nyuma yao.

"Akaniambia shuka. Nikashuka. Yeye akabaki anakanyaga, anakanyaga, anasema litakwenda, litakwenda. Nikamvuta kwa shati, hashuki. Dada, ile treni huisikii. Unaisikia miguuni tu, ardhi inatetemeka." Akashika goti lake. "Walikuwepo vijana wa mkokoteni. Wakaja kusukuma. Na mimi nikasukuma. Kiatu changu kilibaki kule. Tulipolitoa, upepo wa treni ulituangusha wote chini."

Siwema alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka juu ya meza polepole. Reli. Amepita reli ile maisha yake yote, na asubuhi ile, alipokuwa anavuta kipimo juu, reli haikumjia akilini hata kidogo. Alichokiona kilikuwa baraza la Hidaya na chakula kinachopoa.

"Idrisa yuko wapi?"

"Yuko kiwandani. Hajaumia. Hataki kuliona hili gari." Hidaya akainama. Sauti yake ikapungua. "Dada, mimi sikuja kwa ajili ya reli. Watu wanasema gari hizi zinajua. Wanasema likichechemea njia ya kwako, ujue mwenye mguu hakutaki. Lilikuwa linakimbia. Sasa limeanza kuchechemea tangu wiki iliyopita. Wewe ni fundi. Na wewe ndiye unayemjua kuliko mimi, usiku akiota anaita jina lako. Niambie tu. Ameshanichoka?"

Usiku akiota. Hilo nalo lilimchoma, na lilimchoma vibaya zaidi kwa sababu lilikuja kama zawadi, likaja kutoka mkononi mwa mtu ambaye hakutaka kupokea kwake kitu.

"Hajakuchoka," Siwema akasema.

"Unajuaje?"

Siwema akachukua mashine, akaingia garini, akakishusha kipimo cha njia ya Ipuli mpaka pale kilipokuwa. Alipomaliza akatoka, akamwambia Hidaya, "Kwenu halichechemei tena. Lilikuwa limeharibika. Lakini kwangu litachechemea. Kwangu halina hitilafu, ni mguu wake. Panda nikuonyeshe. Nitaendesha mimi, utaona linavyokwenda kama mshale, halafu utajua tofauti ya gari na mtu."

Kwa nini alitaka kumwonyesha, mwenyewe hakujua vizuri. Labda kuna raha fulani ya kumwonyesha mtu kidonda chako ili aache kulia juu ya mkwaruzo wake.

Wakaondoka. Siwema akakanyaga, gari likapiga mluzi wake safi. Wakapita msikiti. Mluzi ukapungua kidogo. Wakapita duka la mbolea, gari likatetemeka, taa ya njano ya kanyagio ikawaka, na nguvu ikakatika.

Siwema akakanyaga zaidi. Gari likazidi kupoa.

"Ni sensa!" akapaza sauti. "Hidaya, ni sensa! Unaona? Si mguu wake, ni sensa imekufa!" Alicheka, machozi yakamtoka hapohapo, akaegesha pembeni na kuruka nje. Kwenye mkoba wake hakukosa mpira mpya wenye sensa ya nia, bado uko kwenye karatasi yake. Akaubandua ule wa zamani, akabandika mpya, akaunganisha soketi, akaupima. Ulikuwa mzima. Akapanda tena. Mwili wote ulikuwa mwepesi. Idrisa hakuwa na kosa. Mguu wa Idrisa ulikuwa unamtaka muda wote, kipande cha mpira ndicho kilichowasengenya.

Akakanyaga. Gari likaenda hatua chache, taa ikawaka, likachechemea.

Siwema akaondoa mikono kwenye usukani. Halafu akaichukua mashine na kuufungua mstari wake mwenyewe, ambao hakuhitaji ruhusa ya mtu kuusoma. Pembe iko juu. Nia imelala. Ilikuwa imelala vilevile, mahali palepale, na kuelekea getini ilianza kurudi nyuma.

Alikumbuka jinsi alivyokuwa akibaki gereji kila siku hadi mwanga unakwisha, akitafuta soketi nyingine ya kusafisha. Alikuwa akijiambia kwamba ni kazi nyingi.

"Dada?" Hidaya akauliza kwa upole. "Nini?"

"Kaa hapa wewe. Endesha."

Wakabadilishana viti. Hidaya hakuwahi kufika Cheyo, hakuwahi kukaribishwa. Alikanyaga kwa kile kiatu cha plastiki, na gari likaruka. Likapiga mluzi mrefu mmoja hadi getini bila kusita, na kwenye kioo cha mashine mstari wa nia ulikuwa umepanda kama wa mtoto anayepelekwa sikukuu.

"Ndiyo hii?" Hidaya akashusha kioo, akainua macho kwenye ukuta mrefu na geti la chuma. "Mashallah. Siku zote nilitaka kuiona. Idrisa akiielezea nashindwa kulala."

Basi mguu mmoja tu ndio uliokuwa unataka kuja kwenye nyumba hii, na ulikuwa mguu wa mke mwenzake. Siwema akaona wivu hata kwa hilo.

*

Ndani, Hidaya alizunguka akigusa vitu kwa ncha za vidole. Viti vilikuwa bado na nailoni zake. Alifungua mlango wa chumba kimoja, akaufunga. Akafungua wa pili.

"Nani analala humu?"

"Hakuna."

"Na humu?"

"Hakuna. Hidaya, kaa chini. Mimi ndiye niliyeliharibu gari."

Hidaya alibaki amesimama.

Siwema akamweleza yote: chai ya Mama Shija, swali la mashine na jibu alilobonyeza, mto uliojaa wa njia ya Ipuli, kipimo alichokivuta. Hakupunguza. Alipofika kwenye reli akasema tu, "Sikuifikiria reli. Wallahi sikuifikiria."

Hidaya akamtazama.

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya lile gari, dada. Nasukuma. Yeye yumo ndani."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo." Akavuta pumzi. "Na mimi nimekuonea wivu mpaka nikawa nanusa mashati yake. Lakini sikukuwekea kitu njiani." Akachukua funguo za gari mezani, akaenda hadi mlangoni, akageuka. "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea, wala sitakufichia."

Siwema alimwambia Idrisa kesho yake, kiwandani kwake, kati ya milango iliyoegemezwa ukutani. Idrisa aliacha kupiga randa. Alisikiliza hadi mwisho, na rangi ya uso wake ikabadilika Siwema alipofika kwenye habari za mguu wake, kabla hata ya reli.

"Uliingia ndani yangu," akasema. "Bila hodi."

"Niliingia."

"Mimi nilikuwa najitahidi, Siwema. Kila zamu. Mtu akijitahidi asifiwe, asipekuliwe." Akatupa randa juu ya benchi. "Sasa mashine imekwambia sikupendi?"

"Mashine imeniambia hutaki kwenda Cheyo. Na mimi sitaki. Nimejipima mwenyewe, sitaki."

Hilo Idrisa hakulitegemea. Akageukia milango yake, akasema, "Nenda, Siwema. Nitakuja au sitakuja. Sijui. Nenda sasa hivi."

Kwa chama cha mafundi alijipeleka mwenyewe. Walimnyang'anya ruhusa ya kugusa sensa ya nia, na mwenyekiti, ambaye alikuwa amemfundisha kazi, alisaini bila kumtazama usoni. Wateja wengine waliposikia hawakurudi tena. Waliobaki walikuwa wa nyaya na soketi. Nyumba ya Cheyo akampangisha mwalimu mmoja mwenye watoto wengi wenye kelele, akarudisha kitanda chao cha zamani na sufuria zake kwenye vile vyumba viwili nyuma ya gereji, ambavyo vilikuwa vimejaa matairi.

Zamu yake ya kwanza Idrisa hakuja. Ya pili hakuja. Siwema alipika mara zote mbili, akala peke yake, na kila mluzi wa gari barabarani uliumiza masikio yake, akiwaza kwamba sasa yuko kwa Hidaya, anaongeza chakula bila kuomba.

Zamu ya tatu jua lilikuwa bado halijazama alipotoka kumwaga maji, akamwona kwa mbali. Hakuwa na gari. Alikuwa anakuja kwa miguu upande wa kushoto wa barabara, amebeba ubao mrefu wa mninga begani, na alikuwa anakuja polepole.

Siwema akasimama na ndoo mkononi. Macho yake yakashuka yenyewe kwenye miguu ya mume wake. Anakuja polepole kwa sababu ya ubao? Au anakuja polepole kwa sababu ya huku anakokuja? Alimwona akisimama, akibadilisha bega, akitazama nyuma alikotoka. Kwa nini atazame nyuma? Akajaribu kuuhesabu mwendo, akajaribu kulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto, na ghafla akashtukia anachofanya. Akageuka, akaingia ndani, akaketi mahali ambapo barabara haionekani.

Alikaa hapo hadi aliposikia ubao ukiwekwa chini kwa kishindo.

"Hodi."

"Karibu."

Idrisa akainama mlangoni akaingia. Alikuwa anatoka jasho. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, mikunjo imesimama, na mkono ulioipiga ile pasi haukuwa wake Siwema. Alihisi kile kitu cha moto kinaanza safari yake kutoka tumboni.

"Umepiga pasi," akasema, na sauti yake haikuwa laini kama alivyotaka.

"Hidaya ndiye aliyepiga." Idrisa akatazama chumba, matairi yaliyobaki kwenye kona, kitanda kilichoinamia upande mmoja. "Nimeleta ubao. Chaga ya kitanda hiki ilivunjika tangu zamani, nadhani bado hujaitengeneza."

"Bado."

"Nipe nyundo."

Kile kitu cha moto kilikuwa kimekwisha kufika kooni. Siwema akakimeza, hakikushuka chote, akanyanyuka kwenda gereji kumtafutia nyundo.